Ushahidi wa Kabatini

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wananchi wa wilaya za Mbulu na Hanang



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo vijana wetu hulibishania sana: vitu vya angani visivyotambulika, ambavyo wengi wanaviita UFO, na watu wanaojitambulisha kuwa watafiti wa vitu hivyo. Swali nililopewa ni moja. Mtafiti anaposema, "Ushahidi ninao, ila siwezi kuwaonyesha," je, tumwamini?

Jibu langu nalitoa mapema ili kila mmoja wenu apate nafasi ya kulipinga ninavyoendelea. Hapana, tusimwamini. Awe mtu mwema, awe na shahada tatu, awe ameapa mbele ya bunge la nchi yake, dai lake litabaki dai. Kitu huhesabika kuwa ushahidi pale ambapo mtu wa pili, tena hasa yule asiyekubaliana na mwenye dai, anaweza kukishika, kukipima na kueleza alichokiona.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wamarekani, sisi tuna mahindi ya kupalilia na ng'ombe wa kunywesha. Nawaomba wanivumilie kidogo, kwa sababu watu wa Hanang wanajua kuliko wengi gharama ya neno lisilo na ushahidi.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji huu wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Miili ilikuwa bado inatafutwa, na tayari uvumi ulikuwa umeshatembea: mlima umelipuka, volkano imeamka. Uvumi huo haukuwa wa kijinga. Hanang ni mlima uliojengwa na volkano, una zaidi ya mita 3,400, na kaskazini yetu Ol Doinyo Lengai bado unatoa moto. Mtu aliyesikia ngurumo gizani, akaona nyumba ya jirani imekwenda, alikuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Wataalamu wa miamba waliletwa. Msemaji Mkuu wa Serikali wa wakati ule, Mobhare Matinyi, akatoa maelezo yao: hapakuwa na mlipuko wa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikalemewa, ikameguka, ikawa tope lililofuata njia ya mto Jorodom hadi kwenye makazi ya watu.

Sasa angalieni kwa nini maelezo hayo yanastahili kuaminiwa. Serikali kuyasema hakutoshi. Nguvu yake ni kwamba yanaweza kukaguliwa na yeyote. Volkano ikilipuka huacha majivu, huacha miamba mipya iliyoyeyuka, huunguza inachokigusa. Tope la Katesh lilileta udongo, maji, mawe ya zamani na miti iliyong'olewa na mizizi yake. Kovu la mmeguko lilibaki mlimani. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma jiografia yake vizuri angeweza kusimama kwenye tope lile na kuwauliza wataalamu maswali magumu, na majibu yangekuwa chini ya miguu yake.

Fikirini kama angetokea mtu akasema ana picha za moto uliotoka kileleni usiku ule, lakini hawezi kuzionyesha kwa sababu zake mwenyewe. Angekuwa amewafanya nini wafiwa? Angewaachia mashaka wasiyoweza kuyathibitisha wala kuyaondoa. Wangelala kila msimu wa mvua wakisikiliza mlima. Dai la namna hiyo lina uzito wa jiwe kwa anayelibeba, ilhali aliyelitoa habebi chochote. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kusema kwamba kuficha ushahidi huku unadai kuaminiwa ni kosa juu ya watu, mbali na kuwa kosa la kitaalamu.

Tuingie sasa kwenye mambo ya angani. Mwaka 2015, kundi la watafiti wa UFO lilitangaza kwamba lina slaidi mbili za zamani zinazoonyesha mwili wa kiumbe kisicho cha dunia hii. Walizihusisha na Roswell, mahali huko New Mexico ambapo mwaka 1947 kulidaiwa kuanguka chombo kutoka anga za mbali. Watafiti wenzao waliomba kwa muda mrefu wapewe nakala safi. Hawakupewa. Waliambiwa wasubiri. Tiketi ziliuzwa, na tarehe 5 Mei mwaka huo slaidi zikaonyeshwa mbele ya maelfu ya watu katika ukumbi mkubwa mjini Mexico, mwandishi wa habari Jaime Maussan akiongoza onyesho.

Pembeni mwa mwili ule kulikuwa na kibao chenye maandishi yaliyofifia. Waliokuwa na slaidi walisema hayasomeki. Siku chache tu baada ya onyesho, nakala yenye ubora zaidi ilipopatikana, kundi jingine la watafiti lilitumia programu ya kawaida ya kusafisha picha, na maandishi yakasomeka. Kibao kilisema huo ni mwili uliokaushwa wa mtoto wa kiume wa miaka miwili. Ilikuja kufahamika kwamba alikuwa mtoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, aliyetolewa kwenye magofu ya kale ya Arizona na kuwekwa kwenye makumbusho.

Naomba tusiliharakishe jambo hili. Mtoto wa watu, aliyezikwa na wazazi waliomlilia, aligeuzwa kuwa kioja cha kuuziwa tiketi. Kilichowezesha hayo ni kule kufungia picha kabatini. Kama picha ingetolewa siku ya kwanza, kibao kingesomwa siku ya kwanza, na mtoto yule angebaki na heshima yake. Baadhi ya waliohusika waliomba radhi baadaye, na vema walifanya hivyo. Lakini radhi haikuondoa ukweli kwamba watu waliokuwa na uwezo wa kujua walizuia wengine wasijue, na wakajizuia wenyewe pia.

Sisi tuliokulia kusini mwa Ziwa Eyasi tuna sababu ya pekee ya kuumizwa na kisa hicho. Kati ya mwaka 1934 na 1936, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifanya uchimbaji kando ya ziwa hilo, ambalo Wajerumani waliliita Njarasa, na ambalo wakati ule lilihesabiwa katika wilaya ya Mbulu iliyokuwa na Karatu ndani yake. Mwaka 1935 alipata vipande vingi vya fuvu la binadamu wa kale. Huko Ujerumani, mtaalamu Hans Weinert akalipa fuvu hilo jina la kisayansi la fahari, Africanthropus njarasensis, kana kwamba limepatikana jamii mpya ya viumbe. Wataalamu waliokuja baadaye walivichunguza upya vipande na tabaka za udongo, na jina lile halikusimama. Lilianguka kwa sababu vipande vilikuwepo na mahali vilipotoka palijulikana. Hata hivyo sehemu kubwa ya makusanyo ya Kohl-Larsen iliishia Tübingen. Mwanafunzi wa Ujerumani aliweza kuyaona kwa kupanda basi, wakati mwanafunzi wa Yaeda Chini hakuweza. Kwa hiyo tunapouliza kama ushahidi umewekwa wazi, tuulize pia umewekwa wazi kwa nani.

Afrika Mashariki ina kisa chake cha UFO pia. Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951, ndege ya abiria aina ya Lodestar, mali ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Rubani, Kapteni Jack Bicknell, wahudumu wake na abiria walieleza kwamba waliona kitu king'aacho kimetulia juu kuelekea Kilimanjaro, kisha kikaondoka. Habari ziliandikwa kwamba abiria mmoja alikipiga filamu ya rangi.

Sina sababu ya kumdhania rubani yule kuwa mwongo. Mtu anayerusha ndege analijua anga kuliko mimi. Ninachosema ni hiki: filamu ile, kama ingekuwa mezani, ingetuambia ukubwa wa kitu kwa kulinganisha na mlima, mwelekeo wa mwanga wake kwa kulinganisha na jua la asubuhi, na mwendo wake kutoka picha hadi picha. Pengine ingewafedhehesha wanaopinga, pengine ingewafedhehesha wanaounga mkono. Tulichorithi badala yake ni maelezo kuhusu filamu, yanayonakiliwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na kila anayeyanakili anaongeza neno lake. Zaidi ya miaka 70 imepita na mjadala haujasogea hatua moja. Mashahidi wale walistahili kutendewa vizuri zaidi ya hapo.

Labda mtasema nawaonea watafiti wa UFO, kwamba wanasayansi wenye vyeo hutenda hivyo hivyo. Ni kweli, na kisa ninachotaka kiwakae moyoni leo ni cha mwanasayansi mkubwa.

Mwaka 1932 Louis Leakey alitangaza kwamba amepata taya ya binadamu huko Kanam, karibu na Ghuba ya Winam nchini Kenya, na mafuvu huko Kanjera. Alidai ni ya kale kupita yote yaliyojulikana kwa binadamu wa aina yetu. Wataalamu wengi mjini Cambridge walimkubali. Mwanajiolojia Percy Boswell hakukubali, akaomba aonyeshwe mahali penyewe. Mwaka 1935 alisafiri hadi Kenya, na Leakey akampeleka. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kama alama havikuwepo tena. Picha iliyokuwa imetolewa kuonyesha mahali pa ugunduzi ilibainika kuwa ya mahali pengine. Boswell akaandika katika jarida la Nature kwamba dai haliwezi kupimwa. Jina la Leakey lilichafuka kwa miaka.

Leakey hakuwa tapeli. Aliamini alichokisema. Lakini hakuweza kumfikisha mpinzani wake kwenye shimo na kumwambia, "Ni hapa." Kwa sayansi hilo lilitosha.

Miaka 24 baadaye, tarehe 17 Julai 1959, mkewe, Mary Leakey, aliona fuvu likichomoza ardhini huko Oldupai, nchi yetu hii hii. Safari hiyo mahali palihifadhiwa, fuvu lilionyeshwa kwa wataalamu wengine, na majivu ya volkano kutoka tabaka lile yalipelekwa kupimwa na watu ambao hawakuwa wa familia ya Leakey. Mwaka 1961 jibu likatoka: kama miaka milioni 1.75. Ulikuwa umri uliowashangaza watu zaidi ya dai la Kanam, na bado ulikubaliwa. Fuvu lile leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa letu. Mtu yule yule alishindwa na dai dogo alilokosa kulionyesha, akashinda na dai kubwa aliloliweka mezani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika utafiti methali hiyo haina msamaha.

Nimesikia hoja za wanaotetea kuficha, na baadhi zina haki yake.

Hoja ya kwanza ni ya kulinda watu na mambo yao. Mtafiti anayekaa na Wahadzabe bonde la Yaeda anaweza kuaminiwa siri za epeme, ibada yao ambayo si ya macho ya kila mtu. Anaweza kujua makaburi yalipo. Huyo anapaswa kunyamaza, na akinyamaza tumheshimu. Hali kadhalika mtu aliyeona kitu angani, akaogopa kuchekwa kijijini, ana haki jina lake lisiandikwe. Lakini mtafiti mwaminifu anayelinda siri halijengi dai lake lote juu ya siri hiyo. Anaandika kile anachoweza kukionyesha, anaishia hapo, na anasema waziwazi kwamba kuna sehemu ameiacha na kwa sababu gani.

Hoja ya pili ni kuogopa kuporwa kazi. Hapa niwakumbushe desturi tunayoijua sote, wafugaji hasa. Ng'ombe aliyepotea akionekana kwenye zizi la mtu, mwenye zizi haelezi alama zake kwa kila mpita njia. Anazificha, na kila anayedai huulizwa yeye kwanza: chapa gani, sikio limekatwaje, rangi ipi chini ya tumbo. Kuficha huko ni kwa haki, kwa sababu kunamzuia mwongo. Lakini siku ya kikao ng'ombe huletwa mbele ya wazee. Hakuna mzee wa Kidatoga wala wa Kiiraqw atakayetoa hukumu juu ya ng'ombe asiyeletwa. Mtafiti naye anaweza kuficha kwa muda ili amalize kuandika. Siku anapopanda jukwaani kudai tumwamini, siku ya kikao imefika.

Hoja ya tatu ni siri ya dola. Tarehe 26 Julai 2023, David Grusch, aliyekuwa ofisa wa upelelezi wa jeshi la anga la Marekani, aliapa mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington, akasema serikali yake imekuwa ikificha vyombo vilivyoanguka visivyotengenezwa na binadamu. Alisema ameambiwa hayo na watu wengi waliokuwa ndani ya kazi hiyo. Alipoulizwa undani, mara nyingi alijibu kwamba hawezi kuusema hadharani. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayochunguza mambo hayo ilitoa ripoti ikisema haikupata ushahidi wa vyombo hivyo.

Nani mkweli kati yao? Kwa tulichoonyeshwa, mtu aliyekaa Katesh hawezi kujua, na aliyekaa Washington hawezi pia. Serikali huweza kweli kuficha mambo, historia imejaa mifano. Lakini kwamba serikali huficha mambo hakuthibitishi kwamba inaficha jambo fulani hili. Kiapo kinatufahamisha kwamba mtu yuko tayari kushtakiwa. Hakitufahamishi kama aliyemsimulia naye aliona, au naye alisimuliwa. Siri ya dola ikiwepo, tunaweza kuwadai wabunge waikague. Hatuwezi kudaiwa tuiamini kabla haijakaguliwa.

Hoja ya nne haitamkwi, ila ndiyo inayofanya kazi mara nyingi: siri inauzwa. Kitabu kinachofuata kitafichua, mkutano ujao utaonyesha, filamu ya mwakani itamaliza ubishi. Ushahidi ukiwekwa mezani biashara inakwisha, ama kwa kuthibitika, ama kwa kuanguka. Mtafiti ambaye riziki yake inategemea ninyi kuendelea kusubiri, msimruhusu awapangie muda wa kusubiri.

Nisije nikaeleweka kwamba nawafundisha kudharau. Anayesema ameona kitu cha ajabu angani asichekwe. Kumcheka shahidi ni njia nyingine ya kuufungia ushahidi kabatini, maana wa pili hatasema tena. Anga la Mbulu ni safi, na usiku wake unaonyesha mengi: vimondo, satelaiti, hata ule mlolongo wa taa unaopita kimya jioni, ambao ni satelaiti za intaneti zilizorushwa pamoja. Anayeziona kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Kazi yetu ni kumsaidia aeleze vizuri.

Mfano mzuri uko jirani. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani. Wanakijiji walitoa taarifa. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika pamoja na vyombo vya usalama, likaichukua pete, na baada ya siku mbili tu likautangazia umma vipimo: upana wa kama mita 2.5, uzito wa kama kilo 500. Likasema kwa uchunguzi wa awali ni kipande cha roketi. Mabishano yakafuata juu ya roketi ipi hasa. Yalikuwa mabishano yenye afya, kwa sababu kila aliyebisha alikuwa na tarehe, mahali na vipimo vya kuanzia. Kitu kile kilikuwa kweli kimetoka angani, na wanakijiji waliokiona walikuwa wakweli, na hakuna aliyehitaji kuaminiwa kwa maneno matupu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, naomba tuwafundishe wanafunzi wetu maswali machache wayazoee kama wanavyozoea hesabu za kuzidisha. Kitu chenyewe kiko wapi sasa? Nani mwingine amekipima, na je, yupo kati yao asiyekubaliana? Kama kimefichwa, kimefichwa kwa sababu gani, na hadi lini? Nani anafaidika tunavyoendelea kusubiri? Nini kikionekana kitamfanya mwenye dai akiri kwamba amekosea? Mtafiti akikosa jibu la swali hilo la mwisho, mwacheni aende na kabati lake.

Vijana, mkiona kitu angani, andikeni saa, mahali mliposimama, upande wa dira, urefu wa muda na hali ya mawingu, kabla hamjasimuliana. Kila mmoja aandike peke yake. Picha mtumie kama zilivyo, bila kuzikata wala kuzirembesha, na nakala apewe mwalimu au ofisi ya kata.

Nao viongozi na wataalamu nawaomba kwa nguvu zile zile. Kila ripoti inayoandikwa juu ya Mlima Hanang, ya miamba, ya maji au ya hatari ya mmeguko mwingine, ifike kwenye shule na ofisi za vijiji vilivyo chini ya mlima huo, ikiwa kwa Kiswahili, pamoja na ramani zake na vipimo vyake. Tukimdai mgeni wa Amerika atuonyeshe sahani yake ya angani, hatuwezi kukubali kwamba taarifa za mlima unaotutazama kila asubuhi zikae kwenye makabati ya mjini. Waliofariki tarehe 3 Desemba walikuwa ndugu zetu. Walio hai wanalala kwenye miteremko ile ile, na wana haki ya kusoma kila kinachojulikana kuihusu, kukipima, na kukibishia.

 Sasa ni zamu yenu kunipinga.